Njia ya Majaribio, Moshono

Watu wa Arusha wa miaka ile tulikuwa na tabia moja ambayo mgeni asingeielewa. Taa ikififia, hata kwa kufumba na kufumbua, mtu aliyekuwa karibu zaidi na meni swichi aliacha alichokuwa anafanya, akakimbia kuizima. Hakuuliza mtu. Sababu ilikuwa nzuri. Umeme uliofifia mara nyingi ulikuwa njiani kukatika, na ukikatika ulirudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kilichounguza friji ya jirani na televisheni ya shemeji. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kuwa na vitu vya kuunguzwa. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, makontena ya mitumba yalikuwa yakishushwa kila wiki, na nyumba ya kawaida kabisa ya Kaloleni ilijikuta ina friji. Kitu kigeni kikiingia nyumbani, wenyeji hujifunza haraka namna ya kukilinda.

Kompyuta za kituo cha ufundi cha masista pale Moshono, nilikokuwa nafundisha, zilikuja kwenye kontena la namna hiyo. Zilikuwa nzito, zenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na mojawapo ilikuwa na kibodi ya Kijerumani, yenye herufi zilizobadilishana nafasi, ambayo wanafunzi waligombania kutopangiwa. Hatukuwa na uwezo wa kulipia leseni za programu ambazo kila mtu alizijua, hivyo niliziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao mtu aliruhusiwa kuuchukua, kuunakili na kumpa mwenzake bila kumwogopa yeyote. UPS, vile visanduku vya kushikilia umeme unapokatika, tulikuwa nazo pia, lakini betri zake zilikuwa zimekufa zamani, na tulizitumia kama vile watu wote mjini walivyozitumia, yaani kuchomekea plagi nyingi. Meni swichi ilikuwa ukutani karibu na mlango, juu sana, kwa sababu fundi aliyeifunga alikuwa mrefu na hakuwafikiria wengine. Chini yake tuliweka stuli.

Nilifundisha uhazili. Darasa lilikuwa la mabinti waliomaliza kidato cha nne, isipokuwa mwanafunzi mmoja. Huyo alikuwa mama wa watoto wanne, Mmeru wa upande wa Momela. Kwa miaka alikuwa amekata waridi kwenye shamba la maua, ndani ya yale mabanda ya nailoni yenye joto, mpaka mikono yake ilikuwa na alama za miiba hadi kwenye viwiko. Meneja wa shamba alikuwa amemwahidi meza ofisini siku atakapopata cheti. Kwa kuwa alinizidi umri, kila asubuhi nilimwamkia, na kila asubuhi mabinti walicheka.

"Mwalimu anamshikamoo mwanafunzi!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Haya, sasa nifundishe."

Walimchagua kuwa kiranja wakati yeye mwenyewe yuko nje anaanua nguo.

Alikuwa na mwaka mmoja tu wa kusoma, na sote tulilijua hilo, kwa sababu alilisema waziwazi. Watoto na ng'ombe alikuwa amewaacha kwa mama mkwe wake. Walikubaliana wawili, mbele ya mume, kwamba mkwe atabeba mzigo huo hadi mtihani. Alituigizia maneno ya yule bibi, akiwa ameshika kiuno: "Mwaka mmoja, mwanangu, nakupa kwa moyo. Wa pili sina magoti ya kukimbizana na ndama." Mabinti walicheka. Yeye alicheka nao, halafu akarudi kwenye kibodi yake na kuanza upya zoezi ambalo alikuwa amelikosea.

Wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo alikuja msimamizi, mtu mpole, mwenye koti hata kwenye jua. Aliweka CD ya mfano kwenye mojawapo ya kompyuta na kufungua jedwali. Programu yetu ya kuandikia ilikuwa ya zamani mno. Jedwali lilifunguka, lakini safu zilipandana, tarakimu zikaingiliana na majina, na kichwa cha habari kilikuwa kimehamia chini kabisa.

"Hapa mtu hawezi kufanya mtihani," alisema bila ukali. "Wekeni toleo jipya. Jumatatu ya mtihani nitafungua faili mbele yenu. Likifunguka vizuri, wanafanya. Lisipofunguka, wasubiri mwakani."

Mabinti walinung'unika. Nilimtazama mama wa Momela. Alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza, mstari mmoja, akiurudia rudia.

Nikaenda mjini. Moshono haikuwa na intaneti wakati huo, na programu tuliyoihitaji ilibidi ishushwe pale kwenye mkahawa wa intaneti wa rafiki yangu, fundi wa Olasiti, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Tulianza asubuhi, na tulikuwa bado tunashusha wateja wa jioni walipoanza kulalamika kwamba barua pepe zao hazifunguki.

Hapa nieleze kidogo, na ambaye hajawahi kugusa Linux asiogope, maana jambo lenyewe ni la jikoni. Katika Linux huweki programu kwa mkono wako. Unamwagiza msimamizi wa aina nyingine, ambaye naye ni programu, na yeye anakutafutia kifurushi unachotaka pamoja na vingine vyote ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea. Mfikirie binti anayepokea oda kwa mama lishe. Wewe unamwambia wali maharage, basi. Anayepika ni mtu mwingine, yuko nyuma ya pazia, na wewe humwoni. Mpishi akibadilishwa, oda yako ni ile ile na binti ni yule yule. Kinachobadilika ni namna chakula kinavyopikwa.

Msimamizi wa vifurushi niliyekuwa namtumia alikuwa na mpishi mmoja wa siku zote. Mpishi huyo alifungua kila kifurushi na kukimimina moja kwa moja ndani ya mfumo, akitoa cha zamani na kuweka kipya, kimoja baada ya kingine. Alikuwa mwaminifu na mwepesi. Ila ukimkatiza katikati, anakuachia nusu ya zamani na nusu ya sasa, na vitu hivyo havielewani. Kompyuta inaweza isiwake tena.

Katika toleo jipya la msimamizi huyo wa vifurushi, walioiandika programu hiyo walikuwa wameongeza wapishi wengine wa majaribio. Mmoja wao alinivutia. Yeye hakugusa mfumo uliopo. Alijenga mfumo mpya kando, mzima, na ukikamilika ndipo alihamisha kompyuta kutoka ule wa zamani kwenda huu mpya kwa hatua moja. Nilimwelewa mara moja, kwa sababu ndivyo watu wanavyojenga kwetu. Unaishi kwenye nyumba ya udongo huku ya tofali inapanda polepole pale pale kiwanjani. Tofali zikiisha, mvua ikinyesha, fundi akitoroka, wewe bado una pa kulala. Siku ya kuezeka ikipita, unabeba kitanda na kuhamia.

Kumchagua mpishi huyo kulihitaji mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio. Juu ya mstari huo walikuwa wameandika onyo: ni majaribio, usitumie kwenye mashine unayoitegemea.

Rafiki yangu alilisoma onyo lile akiwa nyuma ya bega langu, akapiga mluzi.

"Mwalimu, umeona walichoandika?"

"Nimeona."

"Wenyewe waliotengeneza wanasema usitumie. Wewe wa Moshono unasema natumia."

"Wao wana umeme, ndugu yangu."

"Sasa umeme unaingiaje hapa?"

"Ndiyo shida yenyewe. Kwao mpishi wa kawaida hakatizwi. Kwetu atakatizwa tu. Hatari yao na yangu si moja."

Alifikiri, akakuna kidevu. "Tafuta jenereta."

"Ya masista imekwenda parokia nyingine kwenye jubilei."

"Basi nenda na majaribio yako," alisema akinipa CD ya mwisho, bado ya moto. "Ila wakikufukuza usije kuomba kazi hapa. Mimi naajiri watu waoga."

Alikuwa anatania, lakini njia nzima ya kurudi niliwaza onyo lile. Msimamizi wa mtihani asingeuliza nilitumia njia gani. Angefungua faili tu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja zaidi. Ukitaka kujenga nyumba ya pili lazima kiwanja kiwe kikubwa, na diski za kompyuta zile zilikuwa ndogo. Jumamosi asubuhi tuliingia darasani wote kusafisha. Tulifuta michezo, picha, mazoezi ya muhula uliopita. Kisha nikafika kwenye nyimbo za kwaya ambazo mabinti walikuwa wamejirekodi wenyewe na kuzijaza kila mahali.

"Mwalimu, hizo hapana!"

"Zinachukua nafasi ya programu yote."

"Sauti yangu ya kwanza imo humo, Mwalimu!"

"Sauti si ipo kooni?" alisema mama wa Momela. "Futeni. Mtaimba tena Jumapili, bure."

Walifuta, wakinuna. Kompyuta moja ilibaki na diski ndogo kupita kiasi, hata baada ya kusafishwa. Ilikuwa ile ya kibodi ya Kijerumani. Kwa hiyo, hiyo moja nilimwachia mpishi wa zamani, kwa kuwa hapakuwa na namna, na mabinti waliona imepata inachostahili. Nyingine zote niliziandikia ule mstari wa majaribio. Vifurushi viliwekwa kwenye kompyuta yangu, nyingine zikawa zinavivuta kwa waya, na tukaanzisha kazi kwa pamoja ili tumalize kabla zamu yetu ya mgao wa umeme haijaisha.

Maandishi yalianza kupanda kwenye skrini. Mabinti walivuta viti wakayatazama kama watu wanaotazama maziwa jikoni yasifurike. Nilitembea katikati ya meza nikiwaeleza wanachokiona: hapa inafungua kifurushi, hapa inapima kama kimefika salama, hapa inajenga kando. Tulikuwa tumefika kama nusu.

Taa ikafifia.

Mama wa Momela alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anageuka. Nilifungua mdomo kusema acha, lakini mtu aliyefanya jambo miaka yote hahitaji muda wa kuamua. Mguu mmoja kwenye stuli, mkono juu, na meni swichi ikashuka kwa mlio ule mzito tulioujua wote. Skrini zote zikawa nyeusi. Feni za kompyuta zikaishiwa pumzi moja moja.

Katika kimya kile ndipo tulipousikia mngurumo kutoka upande wa pili wa ukuta wa michongoma. Ilikuwa mashine ya kusaga ya jirani. Alikuwa ameiwasha wakati huo huo, na ikiwashwa ilivuta umeme wa mtaa mzima kwa nukta chache, kisha taa zikarudi sawa. Umeme haukuwa umekatika. Haukuwa hata na nia hiyo.

"Mama," alisema binti mmoja, polepole, "umezima mtihani."

Hakuna aliyecheka. Mama wa Momela alishuka, akakaa juu ya stuli ile, mikono magotini. Alama za miiba zilionekana wazi kwenye mwanga wa mlango.

"Nimezima mwenyewe," alisema. "Bibi alinipa mwaka mmoja, na nimeuzima kwa mkono wangu."

"Bado hatujui," nilimwambia.

"Mwalimu, usinibembeleze. Ulisema mwenyewe ikikatizwa haiwaki."

"Nilisema hivyo kuhusu ile njia ya zamani. Hizi ziko kwenye njia nyingine. Njoo hapa, nikuoneshe."

Hakutaka kuja. Nikachuchumaa mbele yake, na mabinti wakatuzunguka, nikaeleza tena habari ya nyumba mbili kiwanjani. Tulikuwa bado tunaishi kwenye ya udongo, niliwaambia. Mama amewafukuza mafundi wa nyumba ya tofali katikati ya kazi, lakini ya udongo hajaigusa. Nilisema kwa utulivu. Ndani yangu sikuwa na uhakika, maana kuelewa jambo ni kitu kimoja na kuliona likitokea ni kitu kingine, na waliolitengeneza walikuwa wameonya.

"Washa wewe," nilimwambia.

"Siwezi kuigusa tena ile."

"Washa. Waliofukuza mafundi ndio wanaowaita."

Alipanda stuli, akaipandisha swichi. Tukaanza na kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha. Ilihesabu kumbukumbu yake, ikakohoa kama kawaida, ikakaa kimya kwa muda uliotosha kunifanya nimkumbuke rafiki yangu na watu wake waoga. Kisha ikaandika mstari mmoja: kazi iliyopita haikukamilika, mfumo uliopo haujaguswa. Chini yake ikauliza kama iendelee pale ilipoishia.

Sijui kama nimewahi kusoma sentensi iliyonipa raha zaidi. Niliisoma kwa sauti. Mabinti wakapiga vigelegele, wakakimbilia kompyuta zao, na kila moja iliyowaka ikatoa mstari ule ule, na kila mstari ukapata kigelegele chake. Sista mkuu alitoka ofisini akidhani kuna mgeni.

Moja haikuwaka. Ya kibodi ya Kijerumani, ile niliyomwachia mpishi wa zamani, ilibaki na skrini nyeusi na maandishi machache yasiyo na maana. Tuliizunguka kwa heshima, kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa ambaye si wa kwao. Mama wa Momela aliitazama muda mrefu kuliko wote.

"Zote zingekuwa hivi?"

"Zote."

"Hii nitaisafisha vumbi mwenyewe kila siku," alisema. Wakati huo ndipo tulipocheka.

Tuliendelea. Alisimama pale pale mlangoni, maana alikuwa kiranja, lakini safari hii mikono ameifunga nyuma na kuukamata mmoja kwa mwingine. Mashine ya kusaga ilipowaka tena na taa zikafifia, darasa zima lilipiga kelele, "Usizime!" hata kabla hajatikisika.

"Nimeishika mwenyewe!" alijibu, akatuonesha kwa kugeuka. "Tazameni!"

Kabla zamu yetu ya umeme haijaisha, kompyuta zote nzima zilikuwa zimehamia nyumba mpya. Nilifungua jedwali la mfano. Safu zilisimama wima, kila tarakimu kwenye chumba chake. Nikamwita aje alione, akakigusa kioo kwa kidole, akafuata mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Jumatatu Sista mkuu alivuka ua asubuhi na mapema kumwomba jirani asisage hadi mtihani uishe. Jirani alikubali. Akina mama waliokuwa na ndoo za mahindi ndio walikuwa wagumu.

"Sista, mtihani gani huu unaozuia ugali?"

"Ni wa wenzenu."

"Basi waandike haraka, watoto hawajala."

Msimamizi aliyevaa koti alifika, akaweka CD yake, akafungua faili mbele yetu. Lilifunguka sawasawa. Aliniuliza, kwa wema tu, kama kazi ya kubadilisha ilikuwa ngumu. Nikamwambia hapana, ilikwenda vizuri. Nyuma yangu nilisikia mtu anakohoa kuzuia kicheko.

Nilisubiri nje. Mwalimu haruhusiwi kuwemo, na nilishukuru, kwa kuwa nisingeweza kuitazama ile taa. Mabinti walianza kutoka mmoja mmoja wakibishana kuhusu swali la bahasha. Mama wa Momela alitoka karibu mwisho. Alikuwa amemaliza yote, alisema, na jedwali amelichapa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuupenda ukingo wake. Majibu yalipotoka miezi kadhaa baadaye alikuwa amefaulu, lakini siku ile hatukuhitaji kuyajua. Alikuwa ameufanya ndani ya mwaka wake.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi akifunga kanga kwa ajili ya safari, apande gari la Momela akamwambie bibi kwamba magoti yake yanaweza kupumzika, wakati Sista alipompungia jirani mkono juu ya michongoma kwamba mtihani umeisha. Mashine ikanguruma. Ndani ya darasa tupu, taa zikafifia.

Mkono wa mama wa Momela ulikuwa umeshanyanyuka. Aliutazama pale hewani, akautumia kuniaga.